Ukiona Vyaelea, Jua Vimeundwa: Maneno kwa Vijana Wetu Walio Vyuoni

(Haya ni maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu ya chama chetu katika mkutano wa Mjambere, Kisauni, Jumapili alasiri, mbele ya wanachama na watoto wao walio vyuoni. Twayachapa hapa kwa ajili ya wenzetu wa Likoni na Changamwe waliokuwa zamu na hawakuweza kuja.)

Wazee wetu, akina mama, ndugu wafanyakazi, na nyinyi vijana wetu:

Twawashukuru kwa kuja. Twajua Jumapili ndiyo siku moja mtu hupata kufua nguo zake na kulala kidogo, na wengine kati yenu mmetoka kazi ya usiku bila kufumba jicho. Basi hatutawaweka mpaka giza liingie.

Tumewaita kwa jambo moja. Wanachama wetu wengi wana mtoto chuoni, au watampeleka karibuni. Karo ya mtoto huyo haianguki kutoka mbinguni. Yatoka katika ovataimu, katika mkopo wa chama cha akiba, katika mbuzi wa shangazi, na mara nyingine katika kiwanja cha urithi. Kwa hiyo habari ya chuo ni habari ya mshahara. Chama kinachopigania shilingi mpaka iingie mfukoni mwa mfanyakazi, hakina budi kuuliza vile vile shilingi hiyo ikitoka imekwenda kununua nini.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, mpakuzi wa mizigo, aliuza kiwanja alichorithi kwa babake ili kijana wake asome umeme. Kijana alisoma miaka mitatu. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alikwenda darasani, akafanya mitihani, akapata cheti, na siku ile tulikula pilau nyumbani kwao, hapa hapa Mjambere.

Baada ya mwezi tulimpeleka kwa fundi mkubwa wa karakana moja. Fundi hakuuliza cheti. Alimwekea mota iliyoungua, akamwambia, "Nionyeshe imeharibika wapi." Kijana akaizunguka mota ile, akaigusa, akasimama. Kisha fundi akataka daftari la mazoezi yake ya kazini, yale ambayo vijana huyaita atachimenti. Daftari lilikuwa na muhuri na saini, lakini kurasa zake zilisema neno moja wiki baada ya wiki: "Kusaidia ofisini." Miezi mitatu aliyowekwa kazini ajifunze, alikuwa akitumwa chai na kupanga mafaili, wala hakumwambia mtu. Fundi akamrudishia daftari lake, akasema kwa upole, "Huyu bado hajaanza."

Tulitoka kimya. Njiani mzee wake akatuuliza, "Basi kiwanja changu kimekwenda wapi?" Hatukuwa na jawabu.

Hatukusudii kumlaumu kijana peke yake. Sisi pia tulikosa. Miaka mitatu yote tulimwuliza swali moja tu: "Umepita?" Hapana aliyemwuliza, "Wiki hii mkono wako umefanya nini?" Siku ile ya pilau walikuwako mafundi wanne wa umeme wa chama hiki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa naye saa moja tangu aanze chuo. Twayasema haya hadharani ili yasirudiwe.

KAZI HUBADILIKA, BASI JIFUNZE MZIZI WAKE

Vijana, tazameni mji wenu. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliacha kazi, wakakutanika katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Mwezi wa Machi 1955 watu wa bandari wakagoma tena. Bandarini siku zile kazi ilikuwa ni mabega: gunia la kahawa latoka ghalani, lapanda mgongoni, laenda gatini. Kila meli ilitaka watu wengi.

Sasa sikilizeni. Tarehe 26 Aprili 1956, mwaka mmoja tu baada ya mgomo ule wa pili, kule Marekani meli iitwayo Ideal-X iliondoka New Jersey kwenda Houston ikichukua makasha 58. Huku Kilindini hakuna aliyeshughulika na habari hiyo. Lakini kasha lile lile, ambalo leo twaliita kontena, ndilo lililokuja kuila kazi ya mabega duniani kote, na kwetu pia. Leo dereva mmoja wa kreni ainua kwa dakika chache mzigo uliokuwa ukichukuliwa na genge zima tangu asubuhi.

Au tazameni Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1963, na watu wakadhani mtu akiingia pale amekwisha kupata mkate wa wajukuu. Mwaka 2013 kikaacha kusafisha mafuta. Mwaka 2019 ikatoka amri makontena ya bara yapelekwe kwa reli mpya mpaka Nairobi, na madereva wa malori, mataniboi, na akina mama wauzao chakula kando ya barabara wakaona mifuko yao ikikauka. Mwaka 2022 amri hiyo ikaondolewa. Mambo haya hayakumwuliza mtu ana cheti au hana.

Twajifunza nini? Si kwamba kusoma hakuna maana. Twajifunza kwamba mtu aliyejua kutumia mashine moja tu, mashine ikiondoka huondoka nayo. Lakini aliyejua mzizi wa ufundi wake, kwamba umeme wapita vipi, chuma chaungwa vipi, hesabu za mzigo zaandikwa vipi, huyo huchukua ujuzi wake akaenda nao kwa tajiri mwingine. Kiwanda cha mafuta kilipoacha kusafisha, bomba lilihitaji welda bado, na hoteli ya Bamburi na kiwanda cha saruji pia vilimhitaji.

Hata chuo chenyewe hubadilika. Pale Tudor, ng'ambo ya daraja la Nyali, palianza kufundishwa mwaka 1951 katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ambayo wazee waliijua kwa jina la MIOME. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 ikawa Politekniki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ikiwa majumba ya mawe yamebadilika hivyo, kijana wa miaka 20 asifikiri kwamba atasoma jambo moja akalifanya mpaka azeeke.

HESABU YA MASAA

Sasa twataka tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwanafunzi hupoteza masaa mawili kwa siku: kuchelewa, kukaa kivulini na simu, kungoja mwalimu asiyekuja bila kufungua kitabu. Masaa mawili, siku tano, ni masaa 10 kwa wiki. Muhula wa wiki 12 ni masaa 120. Mihula mitatu ni masaa 360. Ukigawa kwa masaa manane ya zamu moja, wapata siku 45 za kazi.

Vijana, mwulizeni mzazi aliyeketi karibu nanyi kama anaweza kumpa tajiri siku 45 za bure. Atawacheka. Na kumbukeni, siku zile amekwisha kuzilipia yeye kwa ovataimu yake. Hatusemi msipumzike wala msicheze mpira. Twasema mjue bei ya kitu mnachokitupa.

MAMBO YA KUFANYA TANGU WIKI YA KWANZA

Watu wengi hungoja mpaka mwaka wa mwisho ndipo waanze kufikiri habari za kazi. Huko ni kufunga tanga meli imekwisha ondoka. Sisi twawaomba mfanye hivi:

Kwanza, kabla hata ya kulipa karo, jueni chuo chenyewe kimesajiliwa. Tangu sheria ya mwaka 2013, vyuo vya ufundi vina idara yake ya kuvikagua, iitwayo TVETA. Ulizeni. Bango kubwa na fulana nzuri si usajili.

Pili, jueni cheti mnachokisomea chamruhusu mtu kufanya nini. Vyeti vingine havimalizi safari. Fundi wa wayaringi hutakiwa awe na leseni ya serikali juu ya cheti chake. Anayetaka kazi ya meli hawezi kupanda melini kwa cheti cha darasani peke yake. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1978, uitwao STCW, wamtaka awe na mafunzo ya usalama baharini: kuzima moto, kujiokoa, huduma ya kwanza. Mwenye kuyajua haya mwaka wa kwanza hujiwekea pesa na wakati. Mwenye kuyajua baada ya kumaliza hurudi kumlilia baba.

Tatu, mkono ufanye kazi. Likizo mbili au tatu kaa na fundi wa mtaani, uchukue ngazi yake, umshikie taa. Usione haya. Fundi wa Mjambere asiye na cheti aweza kukuonyesha katika alasiri moja jambo ambalo kitabu chalieleza kwa kurasa kumi. Nawe waweza kumwonyesha kwa nini jambo lile huwa hivyo. Hapo mmesaidiana, hapana bwana wala mtwana.

Nne, tafuteni nafasi ya mazoezi ya kazini mapema, muhula mzima kabla ya wakati wake. Nendeni wenyewe mkiwa na barua ya chuo. Na mkisha kupokewa, kila jioni andikeni katika daftari kazi mliyoifanya, kwa chombo gani, na mlikosea wapi. Msiandike uongo. Wiki mbili zikipita bila ya kuguswa kazi mliyoisomea, mwambieni mwalimu wenu, na mtwambie sisi. Kijana yule wa mota alinyamaza kwa adabu. Adabu ni nzuri, lakini adabu ya kunyamaza ilimgharimu mzee wake kiwanja.

Tano, wekeni karatasi zenu pamoja: kitambulisho, namba ya kodi, vyeti vya skuli, barua za walimu na mafundi waliowajua. Wekeni nakala kwa mama au kwa mtu mwaminifu. Tumeona vijana wakikosa kazi ya Jumatatu kwa sababu cheti kilikuwa katika nyumba iliyofungwa na mwenye nyumba.

Sita, jifunzeni kuandika barua fupi iliyo sawa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kutumia kompyuta kwa hesabu za kawaida. Hata ghalani siku hizi karani wa tali hashiki kalamu tu.

Saba, mkopo wa serikali wa HELB, ulioanzishwa mwaka 1995, ni deni, si zawadi. Chukueni wa karo, msichukue wa fahari. Utalipwa na mshahara ambao bado hamjaupata.

"LAKINI KAZI NI YA KUJUANA"

Hapa kijana mmoja alisimama akatuuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Alisema, "Mwasema tujiandae, lakini kazi zatolewa kwa kujuana na kwa hongo. Aliyejiandaa na asiyejiandaa wote wanakaa maskani."

Hatukumjibu kwa maneno matamu. Twajua upendeleo upo. Tumeuona, tumeuandikia barua, na tumekaa mezani na matajiri kwa sababu yake. Na hatutamwambia mtu yeyote kwamba chuo ni tikiti ya kazi. Lakini twamwambia mambo mawili.

La kwanza: sisi hatuwezi kumtetea mtu mikono mitupu. Tajiri akimwacha mwenye cheti, mwenye daftari safi, aliyefaulu mtihani wa serikali wa ufundi, akamchukua mpwa wake asiyejua spana, hapo tuna la kusema, na twaweza kulisema kwa nguvu. Lakini mtu wetu akiwa hana kitu, tajiri atatabasamu tu.

La pili: kujuana si kwa wakubwa peke yao. Wanachama wa chama hiki wamo bandarini, relini, mahotelini, viwandani, hospitalini. Kujuana kwa haki ni kule kwa fundi kusema, "Huyu kijana nimemwona akifanya kazi, na naweza kutoa jina langu kwa ajili yake." Jina la namna hiyo haliombwi mwaka wa mwisho. Hujengwa tangu mwaka wa kwanza.

Juu ya haya, kuna neno la kuwaambia matajiri. Sheria yawataka walipe shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ziingie katika mfuko wa mafunzo ya kazi ulio chini ya NITA. Fedha hizo ni za kufundishia watu. Basi mwanafunzi akipokewa kazini, afundishwe. Asifanywe tarishi, wala asifanywe kibarua wa bure wa kumtoa mwenzetu kazini. Jambo hilo twalipinga kwa pande zote mbili, kwa ajili ya kijana na kwa ajili ya mfanyakazi.

MFANO WA TOM MBOYA

Wengi mwamjua Tom Mboya kwa siasa. Sisi twamkumbuka kwanza kama mwanafunzi maskini. Baba yake alikuwa mnyapara katika shamba la katani. Alipomaliza skuli hapakuwa na pesa za masomo ya juu, basi alishika nafasi iliyokuwapo: akasomea ukaguzi wa afya mjini Nairobi. Si kazi iliyoimbiwa nyimbo. Lakini aliitumia. Alipoajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi alisaidia kukusanya wenzake, na chama chao cha watumishi kikageuka kuwa chama cha wafanyakazi. Mwezi wa Machi 1955, watu wa bandari walipogoma hapa Mombasa, alikuja kuwasemea akiwa na umri wa miaka 24 tu. Na mwaka ule ule, badala ya kusema "Nimefika," alirudi darasani: akaenda Chuo cha Ruskin, kule Oxford, kusoma mwaka mmoja juu ya mahusiano ya wafanyakazi na matajiri. Mwaka 1959, akiwa na marafiki wa Marekani, alisaidia kuwapeleka wanafunzi 81 kwa ndege moja wakasome huko.

Hatusemi kila kijana atakuwa Mboya. Twasema hakungoja chuo alichokitamani ndipo aanze kujifunza. Alichukua kilichokuwa mbele yake akakimaliza kwa bidii, na pale pale akajizoeza kazi iliyokuwa inakuja.

WAJIBU WETU SISI

Si haki kuwaagiza vijana na sisi tukakaa kitako. Basi Kamati yaomba mambo matatu.

Wazazi, badilisheni swali. Msiulize "Umepita?" peke yake. Kila mwisho wa mwezi mwulizeni mtoto akuonyesheni daftari lake, hata kama hamjui kusoma yaliyomo. Akijua litafunguliwa, ataliandika. Na binti akitaka kusomea ufundi wa umeme au uchomeleaji, msimwambie hiyo si kazi yake. Mshahara haumwulizi mtu kama ni mume au mke.

Mafundi na makarani wa chama, andikisheni majina yenu kwa mwakilishi wenu wa kazini. Kila mmoja achukue kijana mmoja tu, wa kazi yake, akutane naye mara moja kwa mwezi. Hatutaki pesa zenu, twataka saa moja. Kwa mwaka ni masaa 12, chini ya zamu mbili.

Na chama chenyewe kitaweka daftari la nafasi za mazoezi kazini katika kila tawi: wapi wanafunzi hufundishwa kweli, na wapi hutumwa chai. Mwanafunzi atakayekuja atasomewa.

Tumalizie na kijana wa mota, maana mtataka kujua yaliyompata. Hakurudi nyumbani akalala. Alianza tena kutoka chini, akawa mkono wa fundi wa wayaringi, akibeba ngazi kutoka Kisauni mpaka Bamburi, yeye mwenye cheti akitumwa na asiye na cheti. Mwaka wa pili alifanya mtihani wa serikali wa ufundi, daraja la tatu, akafaulu. Leo ana kazi, na ni mwanachama anayelipa ada yake. Ameketi hapa pamoja nasi, na ni yeye aliyetuhimiza tuyaseme haya, ila jina lake tusilitaje. Alitwambia, "Waambieni ile miaka miwili ya ngazi ningeweza kuifanya nikiwa bado chuoni, katika likizo."

Kiwanja cha babake hakikurudi. Hilo nalo tumeahidi kulisema.

Wahenga wetu wa pwani, waliojua mashua, walisema ukiona vyaelea jua vimeundwa. Mbao hupigwa msumari pwani, kwenye mchanga mkavu, kabla ya kujaribiwa na maji. Vijana, nyinyi sasa mko kwenye mchanga huo. Pigeni misumari.

Majina ya mafundi na ya wanafunzi yapelekwe kwa wawakilishi wa matawi kabla ya mwisho wa mwezi.

Umoja ni nguvu.